Kulenga dishi la Azam ukiwa Dar: tafuta juu-chini, siyo kulia-kushoto

Maelekezo haya ni ya Dar na maeneo ya jirani, kwa dishi la sentimita 80 au 90 linalotazama setilaiti ya Eutelsat iliyo digrii 7 Mashariki. Nimeyaandika baada ya kumsaidia jirani aliyekuwa akifuata video ya fundi wa Ulaya: kaza mwinuko (pembe ya dishi kutazama juu), halafu zungusha dishi kulia na kushoto mpaka mawimbi yaingie. Ulaya njia hiyo inafaa. Sisi tuko karibu na ikweta, na setilaiti za magharibi huku zimepangana kama vidato vya ngazi. Ya digrii 7 ina mwinuko wa digrii 52 hivi. Jirani yake ya digrii 5 ina 49 na nusu, na uelekeo wao karibu ni ule ule. Kwa hiyo kaza uelekeo kwanza, kisha tafuta kwa kupandisha na kushusha.

1. Bomba. Lisimame wima. Lipime kwa pima maji pande mbili. Likiinama, namba za mwinuko zilizo nyuma ya dishi hazina maana tena.

2. Uelekeo. Dira ya simu inatosha, ila simama mbali na bati na nondo. Tafuta 280 hivi, yaani magharibi, kaskazini kidogo. Mbele pasiwe na mnazi wala mwembe.

3. LNB, yaani kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Hapa ndipo watu wanapopoteza nusu siku. Wengi huacha waya wa LNB ukiangalia chini. Kwa setilaiti iliyo mbali magharibi kiasi hiki, mawimbi ya wima yanatufikia yakiwa karibu yamelala, na ya mlalo yamesimama. LNB inatakiwa izungushwe kama digrii 77, karibu robo mzunguko. Simama nyuma ya dishi, utazame linakotazama: pale waya unapoingia patoke chini paje kulia kwako, upande wa kaskazini, pabaki pameinama kidogo tu. Ukiishia katikati, kwenye digrii 45, mawimbi ya aina hizo mbili yanaingiliana na ubora wa mawimbi unaanguka. Ukiikosea kabisa, king'amuzi kitaonyesha nguvu kubwa na ubora sifuri hata dishi likiwa limelenga sawasawa, nawe utaanza kuhamisha dishi lisilo na kosa lolote. Kama LNB yako ina alama za digrii, hesabu kuanzia sifuri yake, usikisie kwa macho. Na kabla ya kufungua waya, chomoa king'amuzi kwenye umeme. Waya huo unabeba volti 13 au 18. Shaba ya katikati ikigusa wavu wa nje, king'amuzi kinaweza kuungua.

4. Mwinuko. Weka 52, kisha panda na kushuka polepole. Angalia ubora tu. Nguvu hupanda hata dishi likitazama ukuta, maana LNB ina kelele zake yenyewe. Kwenye dishi la sentimita 80, ukingo wa juu ukisogea milimita 7 umehama digrii moja. Sentimita moja na nusu inakupeleka setilaiti nyingine. Sogeza kidogo, toa mkono, subiri king'amuzi kikamate kwa sekunde kadhaa, ndipo usogeze tena. Vile vipimo vya bei rahisi vinavyolia mimi sivitumii kabisa, kwa sababu vinalia kwa setilaiti yoyote. Bora mtu akae mbele ya TV akusomee namba kwa simu, au upandishe TV ndogo juu.

Ubora ukishapatikana, gusa uelekeo kidogo, kisha rudi kwenye LNB uizungushe taratibu mpaka ubora usipande tena. Usitosheke picha ikitokea tu. Ubora wa kubahatisha utagandisha picha masika yakianza.

5. Kukaza. Kaza nati kwa zamu, moja huku moja kule, mwenzako akiendelea kusoma ubora, kwa sababu nati ya mwisho huvuta dishi. Funga kichwa cha waya kwa tepu ya mpira, na uache waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji ya mvua yadondokee hapo, yasiingie ndani.