Jinsi ya kumalizia vipande vya gogo vya kupambia ndani visipasuke wala kuota ukungu

Dada mmoja anayepamba kumbi za harusi aliniletea vipande vya mwembe vimepigwa vanishi vinang'aa kweli, ila vimepasuka na kwa chini vimeota ukungu, akataka nimtajie vanishi nzuri. Vanishi yake ilikuwa nzuri tu, gogo ndo lilikuwa bichi. Basi nimeona niandike hapa.

Hatua ya 1: Kukata
Unene sentimita 3 hivi, vyembamba sana vinajikunja. Ukitaka gome libaki tafuta mti uliokatwa kiangazi.

Hatua ya 2: Kukausha
Hapa msikimbilie jamani. Mti ukikauka unasinyaa kwa kufuata mduara karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, ndo maana ufa unakaa kama kipande cha keki kilichomegwa. Kuuzuia kabisa ni ngumu, unachoweza ni kukausha taratibu. Kwa hiyo usianike juani, weka kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite na chini, wiki za mwanzo funika na magazeti na uwe unageuza kila baada ya siku moja mbili. Ukungu ukitokea futa na jiki iliyozimuliwa kwa maji halafu endelea kukausha.

Sasa utajuaje kimekauka? Kugusa kwa mkono kunadanganya, juu pakavu ndani maji. Chukua mizani ya jikoni, pima, andika uzito na tarehe kwa penseli nyuma ya kipande, wiki ijayo pima tena. Uzito ukishuka bado kuna maji. Ukikaa palepale wiki mbili tatu mfululizo, tayari. Na kama umekaushia Dar na mteja yuko Dodoma, kule hewa ni kavu zaidi, kipande kitaendelea kusinyaa na kinaweza kupasuka, kwa hiyo mwambie akiache kikae kule kwanza ndo kipigwe vanishi. Mwembe pia unapendwa na wadudu, ukiona vitundu vidogo na unga unadondoka, paka dawa ya mbao kabla ya yote.

Ufa mdogo mimi nauacha, unapendeza.

Hatua ya 3: Msasa
Namba 80 mpaka alama za chensoo ziishe zote, halafu 120, halafu 220. Usiruke namba, mikwaruzo itaonekana vanishi ikishaingia. Grenda siipendi kwa kazi hii, inaunguza mbao. Futa vumbi lote.

Hatua ya 4: Vanishi
Uso wa kipande cha gogo unakunywa sana, kwa hiyo mkono wa kwanza, kama vanishi ni ya mafuta, izimue kwa thina nusu kwa nusu, iache izame. Ikikauka piga msasa 220 kidogo, kisha mikono miwili au mitatu isiyozimuliwa sana. Paka pande ZOTE mbili, ukiacha chini, unyevu utaingilia huko na kipande kitajikunja. Chukua vanishi isiyong'aa, ile ya kung'aa inafanya mti uonekane plastiki. Mti mweupe tumia ya maji, ya mafuta inageuka njano.

Wanaotumia mafuta ya linsidi (mafuta ya mbegu za kitani ya kupaka mbao): matambara mliyopakia msiyakunje mkayatupa kwenye ndoo, yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke kwanza.