Matokeo ya utafutaji yafunguke kichupo kilekile

Kwa wanaotengeneza tovuti na kuweka kisanduku cha kutafuta cha Google, kile cha Programmable Search Engine: usipogusa kitu, kila tokeo hufunguka kwenye kichupo kipya. Mteja wa duka la vipuri Kariakoo anayelinganisha taa za gari la Toyota IST kwenye simu anaishia na vichupo kibao, na kitufe cha kurudi nyuma hakimrudishi kwenye orodha. Ongeza hiki kipande:

<div class="gcse-search" data-linkTarget="_self"></div>

Chaguo-msingi ni _blank, ndiyo maana vichupo vinazaliana. Ukiweka _self, kiungo kinachukua nafasi ya ukurasa uliopo, na mteja akirudi nyuma anakuta matokeo yake, kwa kuwa neno alilotafuta limebaki kwenye anwani baada ya gsc.q=. Usipoliona pale, ongeza data-enableHistory="true".

Inapogoma:

1. Kisanduku kiko ndani ya iframe, yaani fremu inayoonyesha ukurasa mmoja ndani ya mwingine. Hapo _self itafungua bidhaa ndani ya kale kafremu kadogo, inachekesha kweli. Tumia _top, bidhaa ifunguke kwenye kichupo kizima.

2. Umetenganisha kisanduku na matokeo kwenye kurasa mbili. Sifa hii ya data-linkTarget iweke kwenye gcse-searchresults-only, ile div ya ukurasa wa matokeo. Kwenye kisanduku peke yake haifanyi lolote.

Kama injini yako inatafuta hadi tovuti za watu wengine, mimi ningeiacha _blank ilivyo. Hutaki mteja aondoke dukani kwako kwa mbofyo mmoja.