Kuzitoa na kuzifungua nyaraka za kompyuta kongwe

Kompyuta ikifa, mara nyingi kilichoharibika ni ubao wake mkuu au kifaa cha kugawa umeme, wala si diski iliyohifadhi nyaraka. Kwa hiyo katibu wa skuli, wa madrasa au wa ushirika wa wakulima wa karafuu, awe Wete au Mkoani, akishanunua kompyuta mpya asiitupe ile kongwe, wala asimkabidhi fundi bila ya kumwambia waziwazi kwamba anachokitaka ni vilivyomo ndani. Mimi niliwahi kupeleka yangu kutengenezwa. Ilirudi inawaka vizuri, lakini tupu.

Diski ikishatolewa, itazame mdomo wake. Za zamani sana zina safu mbili za pini, na zilizofuata, ziitwazo SATA, zina midomo miwili bapa. Kila aina ina waya wake wa kuiunganisha na USB, basi ni vyema kwenda nayo dukani. Diski ndogo ya kompyuta mpakato hupata umeme kwa USB yenyewe, ilhali ile kubwa ya kompyuta ya mezani huhitaji plagi yake, nayo ni bora ipitie kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, kwani umeme ukikatika katikati ya kunakili faili linaweza kufika nusu. Kama hewa ya chumvi imezipaka pini kutu, zisafishe taratibu kwa brashi laini na kavu.

Windows ikikuuliza kama uiformati diski hiyo, yaani uifute na kuiandaa upya, kataa. Ikikwambia huna ruhusa ya kuingia katika folda, kubali kuendelea na usubiri. Katika Windows XP nyaraka zimo ndani ya folda ya “Documents and Settings”, na katika matoleo yaliyofuata zimo ndani ya “Users”. Usisahau kulitazama folda la “Desktop”, maana wengi wetu huacha kila kitu hapo. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, itataka ufunguo wenye tarakimu 48, ambao huenda umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Nakili folda zima kwanza, kisha iweke diski kando na ufanye kazi kwenye nakala tu. Ikiwa diski ilikwisha kuformatiwa, usiandike chochote juu yake: programu ya bure ya PhotoRec inaweza kuyafufua mafaili mengi, ingawa yatarudi bila ya majina yake ya asili, na itakubidi ufungue moja baada ya jingine.

Kulipata faili si sawa na kulisoma. Word ilianza kutumia .docx katika toleo la 2007, mafaili ya .doc ya kabla ya hapo kwa kawaida hufunguka, lakini yale ya miaka ya 1990 Word mpya huweza kuyazuia kwa ajili ya usalama, na ya .wps, yaliyoandikwa kwa Microsoft Works, huisumbua. Hapo mimi huacha kubishana nayo na kutumia programu ya LibreOffice, ambayo haina malipo na hufungua aina zote hizo, pamoja na .wpd ya WordPerfect na .pub ya Publisher. Usibadilishe herufi za mwisho za jina la faili ukitaraji litafunguka. Kinachobadilika ni jina tu.

Waraka wenye Kiarabu, kama vile mitaala ya madrasa au hati ya wakfu, unaweza kufunguka ukiwa na visanduku vitupu au mistari iliyovurugika. Mara nyingi kinachokosekana ni fonti, na fonti hiyo bado imo katika diski ile ile, ndani ya folda la “Fonts” lililomo katika folda la “Windows”. Inakili, iweke katika kompyuta mpya, kisha fungua waraka upya. Ukishasomeka sawasawa, hifadhi nakala moja ya .docx kwa ajili ya kuhariri na nyingine ya PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti zake, na faili la asili liache kama lilivyo.