Kabla Muhogo Mchungu Haujaingia Chunguni

Septemba 2017 watu waliokuwa msibani wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, walikula chakula cha unga wa muhogo, kama ilivyo kawaida katika misiba yetu mingi. Hawakukaa sana wakaanza kutapika, kuharisha na kushikwa na tumbo. Uchunguzi ulipofanyika wilayani humo, wagonjwa walifika 98, na wawili walifariki. Unga uliopimwa ulikutwa na sianidi wastani wa miligramu 88 kwa kila kilo, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10. Sumu ile ilitoka ndani ya muhogo wenyewe.

Naandika haya kwa yeyote anayemenya, anayeloweka, anayesaga au anayenunua muhogo mchungu, kwa sababu naamini mtu akishaelewa kinachotokea ndani ya muhogo, hahitaji kukumbushwa taratibu. Muhogo ukiwa mzima shambani hauna sianidi huru ya kuhesabika. Una linamarini, kemikali iliyobeba sianidi hiyo, ambayo imefungiwa kwenye kifuko chake ndani ya seli. Pembeni, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Seli ikiwa nzima hivi viwili havikutani. Panya akitafuna, jembe likichanja, au mchi ukitua kinuni, seli hupasuka na vikakutana. Kimeng'enya huikata linamarini, kinabaki kitu cha kati kinachoitwa sianohidrini, nacho kikivunjika hutoa sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo mchana wa jua kali wa Mtwara au Tanga huruka yenyewe na kupotea hewani. Mmea uliumbiwa silaha hii dhidi ya wanaoutafuna. Sisi tunachofanya ni kuilipua silaha hiyo mapema, nje ya tumbo, kisha kusubiri moshi uishe.

Basi la kuzingatia kabla hata ya kung'oa ni mvua. Mmea uliobanwa na ukame hujaza linamarini zaidi, hata kama mbegu ni ileile uliyoizoea miaka yote. Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote, maana ukame huo huo ndio huleta njaa, na njaa huondoa subira. Mwaka 1981 mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu baada ya ukame kuwaacha na muhogo mchungu peke yake, nao hawakuwa na nafasi ya kuuacha ukauke kwa wiki kadhaa kama walivyozoea. Mwaka 1985 jambo hilohilo liliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara. Kwa hiyo mwaka wa mvua haba usipunguze siku za kuandaa muhogo. Ziongeze.

Kuhusu ladha: uchungu ni dalili nzuri, lakini si kipimo. Mihogo mingi michungu ina sumu nyingi na mingi mitamu ina kidogo, ila ulimi hudanganyika, na shina moja linaweza kutofautiana na jirani yake. Shamba la mtu mwingine, au mbegu usiyoijua jina, lihesabu kuwa ni chungu mpaka wenyeji wakuambie vinginevyo. Na tusiwabeze wanaopanda muhogo mchungu kwa kusudi. Nguruwe pori na nyani hawaupendi, mwizi hawezi kuuchoma na kuula usiku uleule, na unakaa ardhini ukingoja siku ya shida. Ni akiba ya watu wenye akili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua muhogo mchungu, kuukata vipande vikubwa na kuutia kwenye maji ya moto moja kwa moja, kwa imani kwamba moto huua kila kitu. Moto huua kimeng'enya. Linamarini yenyewe huvumilia joto la sufuria bila taabu, na kile ambacho kingeikata kimeshakufa. Kiasi fulani hutoka na maji, lakini nyingi hubaki kwenye nyama ya muhogo na kuingia nayo tumboni. Muhogo mtamu unachemshwa bila wasiwasi. Mchungu lazima upasuke kwanza.

Kumenya ni jambo la haraka kulieleza: ganda lina sumu kuliko nyama, liondoe lote pamoja na ile ngozi nyeupe ya ndani. Maganda mabichi usiwamwagie mbuzi. Yaanike kwanza.

Kuloweka ndiko kunakohitaji moyo. Unapotumbukiza muhogo uliomenywa kwenye maji, bakteria huanza kazi: wanaulainisha, wanapasua seli ambazo kisu hakikuzifikia, na kuyafanya maji kuwa machachu. Muhogo ukifikia kubonyea kwa vidole hadi katikati, ujue linamarini na kimeng'enya vimekutana kila mahali. Kwa kawaida hilo huchukua siku tatu, na katika siku hizo sehemu kubwa kabisa ya sumu huondoka. Usiku mmoja hautoshi. Katika eneo la Bandundu nchini Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofanya muhogo uwe biashara ya haraka, baadhi ya familia zilifupisha kuloweka zikabaki na usiku mmoja, na ugonjwa wa miguu ukaonekana katika vijiji ambako njia hiyo ya mkato ilishika. Barabara ni jambo jema. Ila bakteria hawaijui ratiba ya lori.

Uchachu huo una upande wake wa pili. Maji yakiwa machachu sana, ile sianohidrini hutulia na haivunjiki upesi, hivyo muhogo uliolowekwa vizuri bado huwa na mabaki. Kuanika juani ndiko humaliza kazi. Na maji yaliyolowekea usiyamwage kwenye kidimbwi wanakonywa mifugo au penye samaki. Sumu iliyotoka kwenye muhogo imo humo.

Kanda ya Ziwa wana njia yao ya udaga: muhogo uliomenywa huvundikwa kwenye lundo lililofunikwa, hadi ukungu ukaota na kuulainisha, kisha hukwanguliwa, huvunjwavunjwa na kuanikwa. Ukungu hapa hufanya kazi ileile ya bakteria, nayo ni njia nzuri kuliko kuanika peke yake. Angalizo langu ni moja, kwamba udaga usiokauka vizuri kabla ya kuwekwa ghalani hukaribisha kuvu wengine, wakiwamo wale wa sumukuvu, na hapo utakuwa umekimbia sumu moja ukaangukia nyingine. Makopa yaliyokatwa na kuanikwa tu, bila kuloweka wala kuvundika, ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Jua kali huyakausha upesi, na kimeng'enya bila unyevu hakifanyi kazi. Kopa huonekana jeupe na safi, na linamarini imo ndani imetulia.

Kisamvu nacho kisisahaulike. Majani yana linamarini nyingi kuliko mzizi, lakini pia yana kimeng'enya tele, ndiyo maana mababu walisisitiza kinu. Twanga mpaka yalainike kabisa, yaache kidogo, kisha chemsha kwa maji ya kutosha chungu kikiwa wazi. Majani yaliyokatwakatwa kwa kisu na kutupwa sufuriani bila kutwangwa si kisamvu.

Sasa tuje kwenye mwili. Ini lina uwezo wa kubadili sianidi kidogo kuwa thiosianati na kuitoa kwa mkojo, lakini linahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini tunayokula. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa au maharage ana kinga ambayo anayeula kwa chumvi tupu hana. Asiyepata protini, akala sumu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, anaweza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Wayaka wa Kongo waliuita ugonjwa huo konzo, yaani miguu iliyofungwa, na jina hilo ndilo linalotumika leo dunia nzima. Thiosianati nayo hushindana na madini joto, hivyo penye upungufu huleta rovu. Kwa hiyo kabla ya msimu wa muhogo mtupu, weka akiba ya dagaa, kunde na chumvi yenye madini joto, na mtoto awe wa kwanza kupewa.

Mtu akila muhogo kisha akapata kizunguzungu, kichwa kikamuuma, akatapika, akalegea au akapumua kwa shida, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, na mchukue kiasi cha unga uliopikwa. Chakula kilichobaki asile mwingine.

Limebaki la unga wa dukani, ambao hujui muhogo wake ulilowekwa siku ngapi. Kuna njia iliyotokana na kazi ya mwanakemia Howard Bradbury wa Australia, ikatumiwa na akina mama wa Kwango huko Kongo. Tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofika. Ongeza maji huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Unyevu huamsha kimeng'enya kilichobaki, na sianidi huruka. Kisha usonge ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa haulali.