Chui haingii kwa mlango, anaingia kwa paa

Watu wa Kaptama, Kapsokwony mpaka huku Endebess, hii ni yenu. Napigiwa simu ati chui ametoka msitu wa Mlima Elgon amemaliza mbuzi, naenda napata zizi iko na mlango wa maana, kufuli kubwa, ukuta wa ofkati, zile mbao za maganda ya gogo, umesimama wima, halafu ukiangalia juu ni nyota tu. Sasa hiyo kufuli ni ya nani? Chui anaruka mita tatu kwenda juu, na akishatua ndani mbuzi zinazunguka hazina pa kutokea, vile zinakurupuka ndivyo anaua, na mwisho anabeba moja tu. Boma moja nilihesabu sita zimelala, matundu ya meno shingoni, na juu ya ukuta manyoya ya manjano yameshikwa na msumari.

Wafugaji wa Ladakh, kule milima ya India, walikuwa na shida hii hii na chui wa theluji, mazizi yao ya mawe yako wazi juu. Dawa ilikuwa kufunika na waya na mbao, na mlango unaofunga vizuri.

Kwa hivyo pesa yako ya kwanza iende juu. Nunua chenlinki, ile waya nzito ya kusukwa ya ua, waya ya kuku usidanganyike nayo, makucha yanaipasua. Pigilia kwa boriti halafu pale paa linakutana na ukuta ushone na waya ya kufungia, usiache nafasi ya kupitisha kichwa. Mabati pia ni sawa lakini hewa ipite, la sivyo utamkimbia chui uangukie kwa daktari wa mifugo, mbuzi zikiwa na homa ya mapafu.

Vichaka karibu na zizi fyeka, mbuzi zirudi kabla giza. Na mbwa usimfunge mnyororo nje, chui anapenda nyama ya mbwa sana, hapo umemwandalia.

Sumu hapana, hata ukiwa na hasira. Ukipaka mzoga atakayekufa kwanza pengine ni mbwa wa jirani, ama tai. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakuruhusu kudai fidia, basi piga picha, alama za miguu funika na karai zisinyeshewe, ripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema. Pesa inachelewa, sitakudanganya, ndiyo maana nimeanza na paa. Na hiyo waya chukua kabla mvua ianze, barabara ya huku juu ikiharibika hata bodaboda anakataa mzigo.