Una ulemavu na umepata chuo? Anza mapema hivi

Kwanza kabisa usisubiri ufike chuo ndo uanze kuhangaika. Nenda hospitali ya wilaya upimwe, mganga mkuu wa wilaya au mkoa akusainie kuthibitisha ulemavu wako, alafu toa kopi kama tano hivi maana bodi ya mikopo wataitaka, chuo wataitaka, na ile orijino usimwachie mtu.

Ukishapata admisheni uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi nani anashughulika na wenye mahitaji maalumu. Pale UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kuna kitengo kabisa cha elimu maalumu, vyuo vingine utakuta ni mtu mmoja tu na meza yake. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 iko upande wako so usiombe kinyonge.

Sasa hapa ndo penyewe, sema unachotaka kwa kukitaja. Usiseme "naomba msaada", sema nataka chumba cha chini karibu na choo, mtihani kwa nukta nundu au maandishi makubwa, mkalimani wa lugha ya alama, muda wa ziada. Mimi natembelea magongo, semista ya kwanza nilipangiwa vipindi ghorofa ya tatu na lifti mbovu, nikaongea kwa mdomo wiki tatu hola, nilivyoandika barua na kugongewa muhuri kwenye kopi yangu darasa likahamishwa ndani ya siku mbili.

Muda wa ziada ombeni wiki ya kwanza jamani, sio UE (mtihani wa mwisho wa semista) imebaki kesho.