Praktiko ya osmosisi kwa kiazi: jinsi ya kupata potenshali ya maji

Osmosisi ni maji kupita kwenye utando wa seli kutoka upande usiokolea kwenda uliokolea, na potenshali ya maji ni kipimo cha msukumo wa maji kuhama. Hii praktiko nimeiandaa miaka mingi maabara na majibu yanaharibika palepale kila mara, kwenye kukausha vipande, kwa hiyo hapo ndo nitakaa sana.

Hatua 1: Maji ya sukari. Sukari ya dukani inatosha, ndo sukrosi yenyewe. Pima gramu 171, koroga kwenye maji kama mililita 300 mpaka iyeyuke kabisa, af ongeza maji hadi jumla ifike 500. Hiyo ni mola 1, yaani mole moja ya sukari (gramu 342) kwa kila lita. Ukimwaga sukari kwenye maji ambayo tayari ni 500 ujazo unazidi na mola 1 huna tena.

Hatua 2: Andaa bika sita za mililita 100, za mola 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1. Ya 0.2 ni mililita 20 za maji ya sukari na 80 za maji matupu, zingine endelea hivyo hivyo. Andika lebo sasa hivi, usisubiri.

Hatua 3: Menya kiazi mviringo kimoja kikubwa, ganda lote litoke maana linazuia maji kupita, kata vipande 18 vya sentimita 4 kwa nusu kwa nusu. Vitatu kila bika.

Hatua 4: Kausha, pima, zamisha. Laza kipande juu ya tishu, kiviringishe taratibu pande zote nne na zile ncha mbili, basi, usikandamize, kwa sababu ukikandamiza unakamua maji ya ndani ya seli, na ukiacha tone limeng'ang'ania pembeni mizani inalihesabu kama kiazi. Vitatu vya bika moja vipime pamoja, andika, zamisha, funika, acha saa nzima. Ukivitoa kausha vilevile kabisa, mtu yuleyule, mkono uleule.

Kabla ya kupima waache wanafunzi washike. Cha maji matupu kimekaza, ukikikunja kinakatika. Cha mola 1 kinapinda kidoleni kama mpira, seli zimeishiwa maji. Mi naipenda sana hii dakika, hapo osmosisi inaeleweka kuliko ubaoni.

Hatua 5: Tafuta badiliko kwa asilimia, sio gramu, maana vipande havikuanza sawa. Mfano gramu 3.20 zikiwa 3.52, ni +10%. Chora grafu, mola chini, asilimia pembeni. Mstari unapokata sifuri, maji hayaingii wala hayatoki kwa jumla, kwa hiyo potenshali ya kiazi ni sawa na ya hayo maji ya sukari. Tuseme umekata 0.27, na maabara ni nyuzi 25: 0.27 × 8.31 × 298 (8.31 ni namba maalumu ya gesi, 298 ni nyuzi 25 kwa kelvini), unapata kama 669, weka alama ya kutoa, yaani kilopaskali -669.

Vipande vya maji matupu vikipungua uzito angalia lebo kwanza, kama ziko sawa basi rudi hatua ya 4, kuna mtu alivikamua.